Ubatizo na Ndoa Siku Moja

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya Unguja ilipanda bonde la mto Pangani, bonde hili hili letu la Korogwe. Hata hivyo, vijana wetu wengi wa Kilole hawajapata kusikia habari za Salme, binti wa Sultani Said.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alijifunza kuandika kwa siri, maana mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Ujuzi huo ulimponza: mwaka 1859 kaka yake Barghash alipomwasi Sultani Majid, ndugu yao, Salme ndiye aliyemwandikia Barghash barua. Baadaye, akikaa mjini, alikuwa jirani wa Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani wa Hamburg. Wakapendana, akapata mimba. Kwa binti wa Sultani hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden.

Huko akamngoja Heinrich miezi tisa, naye Heinrich amebaki Unguja akimaliza shughuli zake. Mtoto wa kiume akazaliwa. Tarehe 30 Mei 1867 Salme akabatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo wakafungishwa ndoa. Kisha safari ya Ulaya. Yule mtoto mchanga alifariki mwaka huo huo.

Sisi wachungaji tarehe hiyo inatuchoma. Mara ngapi kijana amekuja ofisini na mchumba wake wa nyumba ya Kiislamu, kadi za mwaliko zimeshagawiwa, anatuomba tumbatize binti kabla ya Jumamosi? Nasi tumekubali. Katekisimu Ndogo ya Luther tumeipitia kwa jioni mbili, na hatukuuliza kama kuna aliyekwenda kuzungumza na wazazi wa binti. Luther mwenyewe aliiita ndoa jambo la kidunia. Hakuufanya ubatizo kuwa hati ya kupatia arusi.

Heinrich alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia Emily watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Hapo ndipo imani iliyopokelewa kwa haraka ilipotakiwa kumbeba. Katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1886 alikiri waziwazi kwamba Ukristo wake ulikuwa dhaifu. Hatumlaumu. Tunajiuliza ni nani aliyeketi naye baada ya ile siku ya Aden.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Wajerumani, akitafuta mirathi yake. (Bismarck alikuwa na shida zake na pwani yetu, machozi ya mjane hayakuwa mojawapo.) Sultani sasa alikuwa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua. Alikataa kumpokea.

Zaburi ya 45, wimbo wa arusi ya mfalme, inamtaka bibi arusi awasahau watu wake na nyumba ya baba yake. Tumeihubiri mara nyingi, kwa wepesi mno. Emily alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg karibu na mumewe. Kaburini aliwekewa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokuwa amekitunza miaka yote.