Mavi ya Chuma ya Manda: Kwa Nini Takataka Ndiyo Hazina

Kila nikiandika kuhusu magofu ya Pwani, swali la kwanza huwa lilelile: "Sasa msee akienda Manda na ditekta, si anatoka huko tajiri?" Mnanitumia video za wazungu wakitembea mashambani na mashine, inalia tiii, wanachimba kidogo, sarafu ya fedha hiyo hapo. Na sasa mashine zenyewe zinauzwa mtandaoni kwa bei ambayo wanne mkichanga mnanunua. Naelewa tamaa inatoka wapi. Lakini wacha niwaeleze kwa nini Manda ingewachosha, na kwa nini zile sauti ambazo mngezikasirikia ndizo historia yenyewe.

Kwanza tujue tunaongelea wapi. Manda ni kisiwa kinachotazamana na mji wa Lamu. Ukienda Lamu kwa ndege unashukia Manda, halafu unavushwa kwa boti. Kuna magofu ya miji miwili inayojulikana sana. Upande wa kaskazini magharibi kuna mji wenyewe wa Manda, ulioanza karne ya 9 au kabla ya hapo. Upande wa kusini kuna Takwa, ulioinuka baadaye, karne ya 15 hadi ya 17, ukiwa na msikiti wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la mnara la miaka ya 1680. Watu wa Takwa walihama, na wazee wanasema walivuka wakaenda Shela. Hadi leo watu wa Shela hurudi pale kaburini kuomba mvua. Kwa hiyo ukisikia mtu anaita Manda "kisiwa kilichosahaulika", jua yeye ndiye amesahau.

Mwaka 2013 Manda iliingia kwenye habari dunia nzima. Timu iliyoongozwa na Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyekuwa Field Museum ya Chicago, pamoja na Sloan Williams wa University of Illinois at Chicago, ilitangaza kwamba imepata sarafu ya Kichina kisiwani. Ni kiduara cha shaba na fedha chenye tundu la mraba katikati, kimeandikwa jina la mfalme Yongle, aliyetawala hadi 1424. Yongle ndiye aliyemtuma amiri Zheng He baharini, na safari zile, kuanzia 1405 hadi 1433, zilifika hadi pwani yetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme huko China. Na kabla ya Manda, mwaka 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China walikuwa wamepata sarafu nyingine ya Yongle kule Mambrui, karibu na Malindi.

Sarafu moja tu, na magazeti yakawaka: Wachina walifika Kenya kabla ya Vasco da Gama! Poa. Lakini fikiria kidogo. Sarafu inatembea. Inaweza kutoka China, ikapita India, ikakaa kwenye mkoba wa mfanyabiashara wa Hormuz miaka ishirini, ndipo ikaanguka Manda. Sarafu peke yake haikwambii nani aliileta. Kinachosaidia ni pale ilipolala: tabaka gani la udongo, karibu na vigae gani, juu ya sakafu gani, chini ya nini. Ukiing'oa kwa jembe na kuitia mfukoni, umebaki na kichuma chenye tundu na hadithi ya kupiga kijiweni. Thamani yote ya kihistoria imebaki shimoni, na shimo umeshalivuruga.

Sasa turudi kwa mashine. Ditekta inafanya kazi hivi: koili ile ya mviringo inatoa mawimbi ya sumaku kwenda ardhini. Yakigusa metali, umeme mdogo unazunguka ndani ya ile metali, nayo inajibu kwa mawimbi yake. Mashine inasikiliza jibu na kupima limechelewa kiasi gani. Chuma, kwa sababu kinavutwa na sumaku, kinajibu tofauti na shaba, fedha au dhahabu. Kwa hiyo watengenezaji wameweka seti ya kunyamazisha chuma. Ukiiwasha, msumari haulii, unasikia tu vile vitu "vizuri". Ndiyo seti ambayo kila mtu anaiwasha kwanza, maana bila hiyo mashine inapiga kelele kama kuku banda zima.

Tatizo ni pale vitu viwili vimelala pamoja. Mimi nilijaribu uani kwetu kwa mashine ya kuazima. Nina senti kumi ya zamani ya East Africa, ile ya shaba yenye tundu, nyanya alinipa. Nikaiweka chini peke yake: inalia vizuri kabisa. Nikaweka msumari wa nchi nne kando yake: ikawa inakohoa. Nikaongeza wa pili upande mwingine: kimya. Senti iko pale, naiona kwa macho, lakini mashine inaniambia hakuna kitu. Mashine imesikia chuma, ikatii amri ya kunyamaza, ikanyamaza na senti pia. Wenye uzoefu hutumia koili ndogo, hupitisha polepole, hurudia kutoka pembe tofauti, na hata hivyo mengi yanawapita. Kama ni ufukweni kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, mashine inaanza kulia hata bila metali.

Manda na mahali kama hapo zimejaa chuma. Kuna cha juzi: makopo, misumari, vipande vya bati, sufuria zilizotoboka. Lakini chini yake kuna cha kale, na hapo ndipo nataka mkae na mimi.

Neville Chittick alichimba mji wa Manda kuanzia 1966, akarudi miaka ya 1970, na kitabu chake kikatoka 1984. Alikuta vyombo vya kauri kutoka Uchina na Ghuba ya Uajemi, matofali ya kuchoma, na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe. Pia kulikuwa na mavi ya chuma. Ndiyo, hilo ndilo jina lake, msicheke. Ni yale mabonge meusi yenye vitundu, mepesi kiasi, yanayobaki chuma kikishayeyushwa kutoka kwenye mawe yake. Huwezi kuyauza, huwezi kuyavaa shingoni. Lakini bonge moja la mavi ya chuma linakwambia kitu ambacho sarafu ya Yongle haiwezi: hapa paliwahi kuwa na tanuri, paliwahi kuwa na mhunzi na watu wa kuvuta mivukuto, kuna miti iliyokatwa ikawa makaa, na kuna mtu aliyejua ni wakati gani moto umetosha. Sarafu inaweza kuwa imepita tu. Mavi ya chuma hakuna aliyeyasafirisha kutoka Siraf. Kazi ilifanyika hapahapa.

Na haikuwa kazi ndogo. Al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake mwaka 1154, alitaja chuma kama mali kubwa ya watu wa Malindi, na akasema chuma cha Sofala kilinunuliwa kupelekwa India. Kusimba, huyuhuyu wa sarafu, alitumia miaka mingi kuchunguza chuma cha Waswahili wa kale kwenye maabara, kikiwemo cha Galu, kusini mwa Mombasa. Akaonyesha kwamba wahunzi wa Pwani walijua kutengeneza hadi chuma cha pua. Ni ajabu: mtu aliyejulikana duniani kwa sarafu moja ya Kichina, kazi yake kubwa ilikuwa kwenye vitu ambavyo ditekta imefundishwa kuvinyamazia.

Hata msumari una habari zake. Mtepe, jahazi la kale la Pwani hii, haukupigwa msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za mnazi. Kwa hiyo ukikuta msumari wa jahazi katika tabaka fulani, tayari una swali zuri: ni lini mafundi wa huku walianza kupigilia badala ya kushona, na walijifunza kwa nani? Swali hilo linaweza kumpa mtu digrii. Mwenye ditekta analitupa nyuma ya bega lake akisema takataka.

Na hapa ndipo naona jambo kubwa kuliko mashine. Historia yetu nayo ilikuwa na seti ya kunyamazisha chuma. Kwa muda mrefu waandishi walisikia tu vinavyong'aa na vilivyotoka nje. Chittick mwenyewe aliamini kwamba Manda ilianzishwa na watu kutoka Ghuba. Baadaye uchimbaji wa Mark Horton kule Shanga, kisiwani Pate, ulioanza 1980, ulichukua kwa uzito vibanda vya udongo, vyungu vya kienyeji na takataka za jikoni zilizokuwa chini ya misikiti ya mawe, na picha ikabadilika: miji hii ilianza na watu wa hapa. Halafu 2023 ukaja utafiti wa DNA kutoka makaburi ya kale ya Pwani, Manda ikiwemo, ukaonyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 kulikuwa na kuchanganyika: wengi wa mababa wa kigeni walitoka Uajemi, na akina mama karibu wote walikuwa Waafrika. Kwa hiyo wageni walikuja kweli. Lakini walikuta watu, wakaoa kwa watu, na lugha iliyobaki ni ya mama.

Sasa mambo ya sheria, maana najua kuna mtu bado anahesabu pesa kichwani. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na kilichoko ardhini ni mali ya serikali. Kuchimba kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Ukikutana na kitu kwa bahati, labda unachimba msingi wa nyumba au choo, una siku 7 za kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, ukieleza hasa kilikuwa wapi na ulikipataje. Oneni sheria inauliza nini: mahali, na jinsi. Bei haimo.

Najua pia kuna njaa. Siwezi kumhubiria kijana wa Lamu asiye na kazi kana kwamba turathi zinaliwa. Anayeokota vyuma vikuukuu kumuuzia mtu wa mali kwa mali anatafuta unga. Lakini soko la sarafu za magendo halimlipi yeye. Linamlipa wa mwisho, aliye mbali, mwenye duka na cheti. Kijana anabaki na shimo na kesi. Kisiwa chenye magofu mazima kinaweza kumlisha nahodha wa boti, mwongozaji, mama wa chakula, mwaka baada ya mwaka. Kilichotobolewatobolewa hakimlishi mtu.

Mkienda Manda, nendeni Takwa kwa boti maji yakiwa yamejaa, maana mkondo wa mikoko hukauka. Lipeni kiingilio, pigeni picha, angalieni chini. Mkiona bonge jeusi lenye vitundu, liacheni lilipo. Piga picha, kumbuka mahali, mwambie mlinzi. Kuna mtu alivuja jasho kulitoa motoni, na hilo ndilo pekee aliloacha lenye ushahidi wake.