Mkwaruzo wa Gita: Kosa Lililogeuka Sanaa

Muhula mmoja tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kueleza, kwa Kiswahili, jinsi chombo wakipendacho kinavyofanya kazi. Mmoja wao, mpiga gita katika bendi ya shule, aliandika juu ya kijisanduku cha chuma ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu ili sauti ya gita lake ingurume na kukwaruza. Akakiita “pedali ya upotoshaji”. Tulilipigia neno hilo mstari mwekundu, tukaandika pembeni: “Gita linampotosha nani?” Siku ya pili kijana alitujia na daftari lake mkononi, akauliza kwa adabu: “Sasa, mwalimu, tuiiteje?” Hatukuwa na jibu.

Ili kulipata jibu hilo ilitubidi tuitafute historia ya sauti yenyewe. Tumeona inafaa kuwashirikisha walimu wenzetu, kwani habari hii, ingawa imeanzia Marekani na Uingereza, inagusa jambo tunalokabiliana nalo kila siku darasani: lini kosa ni kosa, na lini kosa ni sanaa.

Gita la umeme lilianza kutengenezwa kwa ajili ya biashara mnamo 1932 katika mji wa Los Angeles, kwa juhudi za George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Sumaku pamoja na waya mwembamba uliozungushwa viliwekwa karibu na nyuzi. Mtikiso wa nyuzi ukawa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo ukapelekwa kwenye amplifaya, ukakuzwa, kisha ukatolewa kwa spika. Mafundi wa zama zile walikuwa na shabaha moja: kilichoingia kidogo kitoke kikubwa, bila ya kubadilika tabia. Sauti iliyokwaruza ilikuwa dalili ya ubovu, na mwenye chombo alikipeleka kwa fundi.

Lakini kila amplifaya ina kikomo chake. Tuufikirie mkondo wa sauti kuwa ni safu ya milima na mabonde. Amplifaya inapotakiwa kuinua milima hiyo kupita uwezo wake, vilele hukatwa, na mahali palipokuwa na ncha huwa bapa. Ukataji huo huzaa sauti nyingine nyembamba juu ya sauti ya msingi, na ndizo sikio huzisikia kama mkwaruzo. Tena, kwa kuwa vilele vimesawazishwa, noti haififii upesi. Huvuma kwa muda mrefu kama sauti ya mwimbaji mwenye pumzi nyingi. Amplifaya za vali, zile taa za kioo zilizotumika pia katika redio za zamani, huanza kuvipunguza vilele taratibu kabla ya kuvikata, na kwa hiyo mkwaruzo wake huwa na upole. Transista, iliyobuniwa mwaka 1947, aghalabu hukata kwa ghafla.

Miongoni mwa waliolisikia jambo hili mapema kama uzuri walikuwa wanamuziki Waafrika wa Marekani. Muddy Waters alihamia Chicago mwaka 1943 kutoka mashamba ya Mississippi, na katika vilabu vya jiji hilo gita la kawaida halikusikika kwa zogo la watu. Wapigaji walichukua gita la umeme, wakazifungulia amplifaya zao ndogo hadi mwisho. Amplifaya zikalalamika, na malalamiko hayo yakafanana na sauti ya mwimbaji aliyekauka koo kwa huzuni. Wasikilizaji wakaipenda.

Baadaye zikafuata ajali. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi wimbo “Rocket 88”. Amplifaya ya mpiga gita, Willie Kizart, iliharibika safarini. Sam Phillips, mwenye studio, hakuahirisha kazi: alisokota karatasi, akazisindika ndani ya spika iliyoharibika, akaona sauti iliyotoka inafaa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengine hawakungoja ajali iwafikie. Link Wray, aliyetoa “Rumble” mwaka 1958, alitoboa spika yake kwa kalamu. Na huko London, mwaka 1964, Dave Davies wa kundi la Kinks alichana karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe, kisha akaiunganisha na amplifaya nyingine kubwa zaidi.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa maana spika iliyochanwa ina aibu moja: haiponi. Mpigaji akitaka sauti laini katika ubeti wa kwanza na mkwaruzo katika kiitikio, spika hiyo haiwezi kumtii. Dawa ilipatikana Nashville. Wimbo wa Marty Robbins uitwao “Don't Worry”, uliotoka mwaka 1961, una kipande cha gita la besi la Grady Martin ambacho kiliharibiwa na kifaa kibovu katika mitambo ya studio. Badala ya kukifuta, wakubwa wa studio walikiacha. Fundi Glen Snoddy alilichunguza kosa lile, na pamoja na mwenzake Revis Hobbs akaunda sakiti ya transista yenye kulitoa kosa hilohilo kwa makusudi. Kampuni ya Gibson iliitia sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ilikuwa na swichi ya kukanyaga: ukikanyaga, kosa huja; ukikanyaga tena, huondoka. Mwanzoni wanunuzi walikuwa haba. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia katika “Satisfaction”, akiikusudia ishike kwa muda nafasi ya tarumbeta zitakazopigwa baadaye. Wimbo ulitolewa vivyo hivyo, na pedali zikaisha madukani.

Wakati huohuo amplifaya nazo zilikuwa zikibadilika. Jim Marshall, mpiga ngoma na mwenye duka la ala katika mtaa wa Hanwell, London, alianza na wenzake mnamo 1962 kutengeneza amplifaya kwa kufuata mfano wa Bassman ya Fender. Katika muda wa miaka michache zilifikia wati 100. Sasa palikuwa na vyombo viwili vyenye uwezo wa kukwaruza, pedali na amplifaya, na swali likawa: viishi vipi pamoja?

Wapigaji walipata njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha amplifaya itulie, pedali ikafanya kazi yote. Ya pili ni kuifungulia amplifaya mpaka ikaribie kikomo chake, kisha pedali isitie mkwaruzo mwingi, bali iisukume tu. Mkwaruzo wenyewe utoke katika vali. Hivyo ndivyo kilivyotumika kile kisanduku cha Kiingereza kiitwacho Rangemaster katika miaka ya 1960. Ya tatu ni kupanga pedali mbili au zaidi, moja ikaisukuma nyingine. Jimi Hendrix alipeleka Fuzz Face yake katika amplifaya za Marshall, lakini alikuwa na ufunguo mwingine mkononi: alipopunguza sauti kwa kitufe cha gita lenyewe, mngurumo ulitulia ukawa karibu na sauti safi, alipoiongeza, ulirudi. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, huko Woodstock, aliupiga wimbo wa taifa lake kwa sauti hiyo. Wengi walisikia humo milio ya vita vya Vietnam, ingawa hakuimba hata neno moja.

Katika miaka ya 1970 Wajapani nao walikuwamo katika kazi hii. Boss ilitoa OD-1 mwaka 1977 na DS-1 mwaka uliofuata. Ya kwanza ni ya aina iitwayo ovadraivu: daiodi zake hupunguza vilele kwa upole, kwa kuiga vali iliyochoka. Ya pili ni distoshoni: hukata kwa ukali zaidi. Kisha, mnamo 1979, ikatoka Tube Screamer ya Ibanez, yenye vitufe vitatu tu: cha mkwaruzo, cha rangi ya sauti na cha nguvu. Pedali hii hupunguza sauti nzito za chini na kuinua zile za kati, na kwa hiyo gita husikika wazi katikati ya bendi. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliitumia mbele ya amplifaya za Fender. Hadi leo wapigaji wengi hukishusha kitufe chake cha mkwaruzo na kukipandisha cha nguvu, wakairudia ile njia ya pili tuliyoitaja.

Utaratibu wa kupanga nao una sababu zake. Kisanduku cha mwangwi kikitangulia mkwaruzo, kila mrudio wa mwangwi nao hukwaruzwa, na maneno ya gita huchanganyika. Kikifuata baada yake, kila mrudio husikika safi. Vilevile mkwaruzo ukiwa mwingi, noti nyingi zikipigwa pamoja hupigana, ndiyo maana wapigaji wa muziki mzito hupendelea noti mbili tu zinazoafikiana. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Habari hii haikuishia ng'ambo. Zambia katika miaka ya 1970 ilikuwa na makundi kama WITCH na Amanaz, yaliyochanganya mngurumo wa gita na miendo ya muziki wa kwao. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 waliitia umeme likembe kwa sababu ileile ya Muddy Waters, yaani kusikika juu ya zogo la jiji. Maikrofoni zao walijiundia wenyewe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Mkwaruzo ulikuja bila ya kualikwa, wakaukaribisha. Albamu yao “Congotronics” ya mwaka 2004 iliwajulisha kwa wasikilizaji wa ng'ambo.

Tena tusisahau kwamba masikio ya wazee wetu hayakuwa mageni kwa sauti hiyo. Ilimba ya Wagogo wa Tanzania hubandikwa utando wa buibui juu ya tundu lake, ili kila noti iwe na mvumo. Nyuzi za endongo ya Waganda hugusagusa ngozi iliyowambwa, zikazizima. Wazee hao hawakuiona sauti safi kuwa ndiyo sauti kamili.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Fundi wa mitambo akisema “upotoshaji” hatakuwa amekosea, kwani kwake mkondo uliotoka si ule ulioingia. Mpiga gita, hata hivyo, hajapotosha chochote. Ametaka sauti ile, akaipata. Kwake tunapendekeza neno ambalo watu wanalo tayari wanapoilalamikia redio: kukwaruza. Basi na iwe “pedali ya mkwaruzo”, na mahali pa ufundi “upotoshaji” ubaki.

Mstari wetu mwekundu tumeufuta, ila somo tumebaki nalo. Spika iliyochanwa ilikuwa kosa lisiloweza kuacha kukosea. Pedali ni kosa linalokuja likiitwa na kuondoka likiambiwa. Malenga wetu wanalijua hili tangu kale: hukata neno kwa inkisari au hulirefusha kwa mazida ili mizani itimie, nao neno zima wanalijua. Mwanafunzi anayelikata neno kwa kutolijua bado tunapaswa kumsahihisha. Anayelijua, akalikata kwa kusudi, tumwulize kwanza anataka tusikie nini. Kosa huwa sanaa pale mtu anapoweza kulirudia kwa hiari yake, na kuliacha apendapo.