Shule Zilizojengwa kwa Sadaka Kaskazini mwa Ziwa Nyasa



Katika kitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari nyingi za maghala, mizani, mpunga na kakao, kama ilivyo haki kwa Chama Kikuu kinachotimiza miaka kumi. Kurasa hizi chache zimetengwa kwa ajili ya kitu kisichopimwa kwa mizani, nacho ni shule. Katibu wa chama cha msingi aandikapo muhtasari wa mkutano, karani ajazapo daftari la mapokezi, na mkulima asomapo stakabadhi yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi, wote hao wanatumia elimu ambayo mwanzo wake katika nchi hii ulilipiwa kwa fedha za watu ambao hawakupata kuiona Kasumulu wala Kyela. Yafaa tujue fedha hizo zilitoka wapi, zilinunua nini, na zilipokoma ni nani aliyeushika mlango wa shule usifungwe.

Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akastaajabia usafi wa vijiji vya watu wetu, nyumba zao nzuri na migomba yao. Nchi hiyo haikuwa na shule ya herufi, walakini haikuwa bila malezi. Wavulana walichunga ng'ombe wa baba zao wangali wadogo. Walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja walitoka katika nyumba za wazazi wakaanza kijiji chao wenyewe, wote wa rika moja, wakafundishana adabu ya kusema, kula na kukaa pamoja. Bibi Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya rika mwaka 1951. Basi mtu yeyote aliyetaka kuanzisha shule hapa hakulikuta shamba tupu. Alipaswa kwanza kulijibu swali la baba mwenye mifugo: mtoto akikaa darasani, ng'ombe watachungwa na nani?

Fedha za kwanza zilizoletwa ziwani kwa ajili ya shule zilitoka Uskoti. Mwezi wa Oktoba 1875 meli ndogo iitwayo Ilala, iliyoongozwa na E. D. Young, iliingia Ziwa Nyasa. Young akalizunguka ziwa, na ndiye aliyeipa ile safu ya milima tuitazamayo upande wa mashariki jina la Livingstone. Wamisioni aliowaleta walikaa Cape Maclear, wakahamia Bandawe mwaka 1881, na mwaka 1894 Dakta Robert Laws akaanzisha chuo kikubwa huko Khondowe, juu ya mlima. Chuo hicho kiliitwa Overtoun, kwa heshima ya tajiri aliyekitolea fedha nyingi, John Campbell White, aliyejulikana kwa cheo chake kuwa Lord Overtoun, mwenye kiwanda cha kemikali karibu na Glasgow.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mwaka 1899 Keir Hardie, kiongozi wa wafanyakazi wa Uingereza, alitoa vijitabu vya kumshutumu tajiri huyo kwamba watu wa kiwanda chake walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, hata siku za Jumapili, kwa ujira mdogo, huku kemikali zikiwala ngozi na pua. Vijana waliosomea useremala, ualimu na uchapaji huko Khondowe hawakulijua hilo. Elimu yao ilikuwa elimu ya kweli, nayo iliwafaa sana. Lakini tuambiwapo kwamba shule fulani ni zawadi ya mtu mkarimu, si utovu wa shukrani kuuliza ukarimu huo ulitoka katika jasho la nani.

Fedha za pili zilitoka Ujerumani, na sababu yake ilikuwa utumwa. Mwaka 1887 Mlozi, mfanya biashara ya pembe na watumwa aliyekaa karibu na Karonga, aliwashambulia Wangonde, na wengi wao wakakimbia kuelekea kaskazini, ng'ambo ya Songwe, kwa ndugu zao. Vita hivyo viliendelea hata 1889, na Mlozi mwenyewe alinyongwa mwaka 1895. Habari za biashara hiyo zilienea Ulaya, na watu wakatoa mali zao ili ikomeshwe. Meli ya Hermann von Wissmann iliyoshushwa katika ziwa letu mwaka 1893 ilipatikana kwa fedha za bahati nasibu iliyochezwa Ujerumani kwa ajili hiyo. Mjerumani mwingine, Daniel Crakau, aliacha wasia kwamba mali yake itumiwe na Kanisa la Moravian kuwakomboa na kuwafundisha watumwa. Kwa wasia wa marehemu huyo, shule zilianza Unyakyusa.

Kwa mkataba wa mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walikuwa wameigawanya nchi, na mto Songwe ukafanywa mpaka. Ulikuwa mpaka wa ajabu, maana Wanyakyusa na Wangonde ni watu wa nasaba moja na lugha zao hazitofautiani sana, tena Songwe wenyewe ni mto usiokaa mahali pamoja: mvua kubwa zikishuka huhama, na mkulima huamka akaona shamba lake liko ng'ambo. Hata hivyo, kwa habari ya shule mpaka ule ulikuwa na nguvu. Kusini ya mto walikuja waalimu wa Waskoti. Kaskazini walikuja wa Wadachi.

Wamoravian wa kwanza walikuwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Walisafiri mwaka 1891 kwa njia ya mito Zambezi na Shire, wakavuka ziwa hadi Karonga. Martin alikufa kwa homa mwaka huo huo. Waliosalia walipanda juu na mwezi wa Agosti wakaweka kituo Rungwe. Muda mfupi baadaye Misioni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, ilijenga kituo chake ilichokiita Wangemannshöhe; kisha ikajenga Manow, Mwakaleli, na Ikombe iliyo ufukoni chini ya Milima ya Livingstone. Wamoravian nao waliteremka katika uwanda wa Kyela na mwaka 1894 wakaanzisha Ipyana, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Wazungu waliona taabu kukaa uwandani kwa sababu ya homa, lakini huku ndiko kulikokuwa na watu wengi.

Wasomaji wasidhani kwamba shule za siku zile zilikuwa majengo ya matofali na kengele. Darasa lilikuwa kibanda cha mianzi na nyasi, lililofunzwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kuimba, kwa lugha ya Kinyakyusa, ambayo wamisioni walikuwa bado wanaikusanya wenyewe maneno yake huku wakifundisha. Mwalimu wa kijijini alikuwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake kwa miaka michache tu. Kwa upande wa Waskoti utaratibu ulikuwa wazi zaidi: kijiji kilichotaka shule kilitakiwa kuijenga chenyewe, na mwanzoni mwa karne ya 20 wanafunzi walitozwa ada ndogo. Fedha za Ulaya zilinunua meli, mitambo ya kupiga chapa, vitabu na masurufu ya Wazungu. Miti, nyasi, siku za kazi na chakula cha mwalimu havikutoka Glasgow wala Herrnhut. Katika hesabu zilizopelekwa kwa wafadhili vitu hivyo havikuwa na bei, na ndiyo sababu mpaka leo huhesabiwa kama kwamba havikutolewa.

Tena sadaka ile ilikuwa na masharti. Shule ilikuwa mlango wa kanisa, na kanisa lilimtaka mtu aache wake wengi na baadhi ya desturi za wazee. Baba mmoja aliweza kumpeleka mwana shuleni apate kusoma barua, akashangaa kuona mwana haji tena kwenye matambiko ya ukoo. Baba mwingine alikataa kabisa. Hatuwezi kuwalaumu wote wawili kwa pamoja; kila mmoja alikuwa ameona nusu ya jambo lenyewe.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1916. Mwezi wa Mei jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland na kuitwaa Neu Langenburg, ambayo sasa ndiyo Tukuyu. Wamisioni wa Kijerumani waliondolewa. Fedha za Ujerumani zilikatika siku moja: hapakuwa na barua, wala vitabu, wala mshahara. Kama shule zingekuwa mali ya wafadhili peke yao, habari hii ingeishia hapa. Lakini waalimu na wazee wa makanisa, watu wa hapa hapa, waliendelea kukusanya watu, kufundisha na kusali bila Mzungu wa kuwaandikia mshahara. Baadaye Waskoti wa Livingstonia waliombwa kuvuka Songwe na kuvitunza vituo hivyo, na tangu 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Ni majina machache sana ya waalimu wa miaka ile yaliyoandikwa vitabuni, ingawa kila ukoo uliokuwa na mwalimu unalikumbuka jina lake.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na mawazo yake. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, mkutano wa elimu ukafanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na Sheria ya Elimu ya 1927 ikaagiza shule ziandikishwe. Shule yenye mwalimu mwenye cheti na yenye kufuata mtaala ilipewa ruzuku. Vibanda vya vijijini visivyofikia kipimo havikupata kitu. Shule nzuri zikawa nzuri zaidi, na mtoto wa mbali akabaki na mwalimu asiye na cheti. Mwaka 1939 vita vilianza tena, na kwa mara ya pili wamisioni wa Kijerumani wakaondolewa, lakini safari hii waalimu wenyeji walikuwa wengi na pigo halikuwa kama lile la kwanza.

Katika miaka ya 1950 wananchi walichoka kungoja. Chama cha wazazi cha TAPA, kilichokwenda pamoja na TANU, kilianza kufungua shule kwa michango, na nyingi serikali ya kikoloni ilikataa kuziandikisha. Wakati huo wakulima wa kahawa wa Rungwe na wa mpunga wa Kyela walikwisha kuwa na chama chao cha ushirika. Mtu aliyeuza mpunga kwa mizani ya chama ndiye aliyelipa ada ya mwanawe, na mtoto aliyesoma ndiye aliyerudi kuangalia kama mizani inasema kweli. Mambo hayo mawili yalikwenda bega kwa bega, ingawa waandishi wa historia hupenda kuyatenga.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizitwaa shule za mashirika ya dini. Kwa maoni ya mwandishi jambo hilo lilikuwa la haki, kwa maana mtoto wa Mwislamu, au wa mtu asiye na dini ya kitabu, hakupaswa kupita kanisani ili ajue kusoma. Lakini haki hiyo ilikuwa na gharama. Shule iliyokuwa "yetu" kwa miti na nyasi za babu zetu ikawa "ya serikali", na paa lilipovuja watu walimtazama Afisa Elimu. Wanaushirika wanalielewa jambo hili kuliko wengine, maana mwaka 1976 vyama vyao vikuu vilivunjwa kwa amri, na vilipofufuliwa kwa sheria ya 1982 ilikuwa kazi kubwa kumshawishi mkulima aamini tena kwamba ghala ni lake.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, ikarudishwa katika miaka ya 1980, ikafutwa tena mwaka 2002. Kuanzia 2016 msamaha ulifika hadi kidato cha nne, na 2022 hadi kidato cha sita. Walakini ada si shule. Ukipita vijijini utaona maboma, yaani kuta za madarasa zilizoinuliwa kwa nguvu za wananchi zikingojea bati, na katika nchi ya mvua kama hii yetu ukuta usioezekwa hauna maisha marefu. Pengine mfadhili wa mbali hufika, humaliza madarasa mawili, hupiga picha na kwenda zake. Madarasa hayo ni mema, na watoto huyatumia. Nyumba ya mwalimu kwa kawaida haimo katika picha, na mwalimu asiye na nyumba huomba uhamisho kabla ya masika ya pili.

Wafumaji wa Rochdale, walioanzisha duka lao la ushirika huko Uingereza mwaka 1844, walikuwa watu maskini wasio na mfadhili. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 waliamua kutenga asilimia 2½ ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakanunua vitabu na kufungua vyumba vya kusomea. Kwa hesabu hiyo, katika kila shilingi 1,000 za ziada zinatoka shilingi 25. Na katika chama cha msingi, mwenye mamlaka ya kuigawa ziada ni mkutano mkuu wa wanachama.