Vineno vidogo: på, hos na ini letu

Wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye simu, Kiswidi kigumu wapi? Matamshi unazoea. Kinachochosha ni vile vineno vidogo ambavyo shuleni tuliviita vihusishi.

Hawa watu wako "på jobbet", yaani juu ya kazi. Mgonjwa yuko "på sjukhuset", juu ya hospitali. Stockholm yenyewe imejengwa kwenye visiwa 14, na kisiwa kwa kawaida ni på: på Södermalm, på Kungsholmen. Lakini Gamla stan, mji mkongwe, nao uko kisiwani na bado unasema "i Gamla stan". Unguja kwao ni "på Zanzibar", ila Tanzania ni "i Tanzania". Ukitazama historia unapata mwanga kidogo: på ilizaliwa na maneno mawili ya zamani, upp na å, yakabanwa mpaka yakawa moja. Ndiyo maana ile "juu" haijaitoka.

Ukienda kwa bibi unasema "hos mormor", na kwa daktari "hos doktorn". Hilo hos ni neno hus, nyumba, lililochakaa kwa kutumiwa sana. Wafaransa nao chez yao ilitoka kwenye casa, nyumba ya Kilatini. Sisi tuna "kwa" yetu, mpaka vituo vya daladala: Kwa Mtogole, Kwa Azizi Ali.

Sasa shikeni viti. Ile -ni ya nyumbani, kazini na Magomeni, mnajua imetoka wapi? Mwaka 1994 wataalamu wawili, Ridder Samsom na Thilo Schadeberg, waliandika makala, tena kwa Kiswahili, wakitoa hoja kwamba imetokana na ini. Ndiyo, ini hili hili tunalokaanga na vitunguu! Ini liko ndani ya mwili, likaja kumaanisha ndani tu. Si wataalamu wote waliokubali, lakini mimi muuguzi naipenda sana hoja hiyo.

Zamani mahali palionyeshwa mbele ya neno, kwa pa-, ku- na mu-. Waganda mpaka leo wanasema "mu nnyumba". Sisi tumezibakiza nyuma: nyumbani pangu, kwangu, mwangu. Ndugu zetu wa Kongo, ambao hapa tunawahudumia mara kwa mara, wanasema "mu nyumba" na "ku kazi". Wale wa Dar wanaokicheka Kiswahili hicho wajue kwamba muundo huo kwenye lugha za Kibantu ni wa kale kuliko -ni yetu.

Ila kazini kwangu kineno kinachonitia hofu ni "ya". Dawa ya usingizi inaleta usingizi. Dawa ya malaria inaondoa malaria. Sasa dawa ya kuhara je? Usiku mmoja mama mmoja mtu mzima, aliyeletwa akiwa amelegea kabisa, alieleza kwa Kiswahili kwamba amekunywa dawa ya kuhara siku tatu. Mkalimani alikuwa kwenye simu, na Mungu ambariki, hakukimbilia kutafsiri. Akamuuliza: ya kukufungua au ya kukufunga? Ilikuwa ya kumfungua. Daktari akabadilisha mpango palepale, akaagiza vipimo vya chumvi za damu kwanza, kwa sababu maji na potasiamu vikipotea hivyo moyo unaweza kupiga ovyo. Kiswidi hapo kimejipanga: dawa ya kuzuia kitu inaitwa "mot", dhidi ya, na hubaki ukijiuliza.

Msidhani basi kwamba wenyewe hawana mitego. "I måndags" ni Jumatatu iliyopita, "på måndag" ni ijayo, sawa, hiyo unaikariri. Lakini "i natt" ni usiku uliopita na pia ni usiku unaokuja! Kitenzi ndicho kinachokuambia ni upi. Kwa hiyo tunapokabidhiana zamu, kila dawa tunaandika na tarehe na saa.