Fahamu aina nne za ubobezi wa mchawi katika Dragon Age: Origins, na gharama ya kila moja

Vijana wanaocheza gemu za kompyuta hubishana sana juu ya jambo moja: mchawi wa aina gani ni bora? Makala haya yanaueleza ubishi huo kwa kutumia mchezo mmoja maarufu, Dragon Age: Origins. Utaona kwamba kuangalia nguvu peke yake hakutoshi. Kila ubobezi una kile unachokupa na kile unachokudai, na mchezaji mzuri huuliza yote mawili kabla ya kuchagua.

Mchezo huu ni upi?

Dragon Age: Origins ulitolewa Novemba 2009 na kampuni ya BioWare ya Kanada. Ni mchezo wa kuigiza uhusika, yaani mchezaji anamuumba mtu wake, anamchagulia jina, asili na kazi, kisha anamwongoza ndani ya hadithi ndefu. Hadithi yenyewe inatokea Ferelden, nchi ya kubuni inayovamiwa na majeshi ya viumbe waovu wanaotoka chini ya ardhi. Mhusika wako anaingizwa katika kikosi cha Grey Wardens, ambacho kazi yake ni kuzuia balaa hilo.

Kuna kazi tatu za kuchagua: mpiganaji wa silaha, mjanja wa visu na mitego, au mchawi. Safarini unatembea na wenzako wasiozidi watatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kikosi chako ni cha watu wanne.

Katika nchi hiyo mtu huzaliwa na uchawi. Hajifunzi kwa kupenda wala harogwi. Mtoto akigundulika, anachukuliwa kwao na kupelekwa kwenye mnara unaolindwa na askari wa dini waitwao Templars. Huko anafundishwa, na siku moja anapewa mtihani: anaingizwa katika Fade, ulimwengu wa ndoto, akakabiliane na pepo. Pepo akimshinda na kumwingia, askari wanamuua. Anayekataa mtihani, au anayeonekana hataweza, hukatiwa uchawi wake pamoja na hisia zake, asifurahi tena wala asihuzunike. Damu ya kila mwanafunzi pia huhifadhiwa ndani ya chupa ili akitoroka aweze kufuatiliwa popote.

Tunasema mchawi kwa maana gani?

Kwa Kiswahili, neno mchawi si jepesi. Mchawi ni yule anayesemwa kuwadhuru watu kwa siri, na mganga ndiye anayetibu. Mchezo huu haugawanyi hivyo tangu mwanzo. Neno moja linawabeba wote, anayeponya na anayeangamiza. Katika makala haya tunatumia neno mchawi kwa maana hiyo ya mchezo tu.

Lakini kadiri mchezo unavyoendelea, mgawanyo huo tunaoujua sisi unaanza kujitokeza. Unajitokeza hasa unapofika wakati wa kuchagua ubobezi.

Ubobezi unapatikana vipi?

Mhusika anapopata uzoefu hupanda ngazi. Akifika ngazi ya 7 anapewa nafasi ya kwanza ya ubobezi, na akifika ngazi ya 14 anapewa ya pili. Mchawi ana aina nne za kuchagua, kwa hiyo mbili lazima aziache. Kila ubobezi una mbinu nne zake.

Kupata nafasi tu hakutoshi. Ni lazima kwanza ufundishwe ubobezi wenyewe, na kila mmoja una mwalimu wake. Wa kwanza ananunuliwa dukani kwa njia ya kitabu, mwingine ni rafiki wa safarini, na mwingine ni pepo.

1. Mganga wa roho

Kwenye skrini ubobezi huu unaitwa Spirit Healer. Kitabu chake kinauzwa katika duka la vitu vya uchawi mjini Denerim.

Mganga wa roho anaweza kuponya kikosi kizima kwa mara moja, na kumwinua mwenzake aliyeanguka wakati vita bado vinaendelea. Hilo ni jambo kubwa. Katika mchezo huu aliyeanguka huamka mwenyewe vita vikiisha, ikiwa hata mmoja wenu amebaki amesimama, lakini anaamka na majeraha yanayompunguzia uwezo. Anayeinuliwa mapema anaweza kurudi kupigana na kuokoa wengine.

Gharama yake ni mana, ile akiba ya nguvu ambayo kila tendo la uchawi huitumia. Mbinu ya nne ya mganga, ambayo huponya waliomzunguka mfululizo, hunyonya mana muda wote inapofanya kazi. Mganga anayeponya watu wote anabaki na nguvu kidogo ya kushambulia.

2. Mchawi mpiganaji

Huyu kwenye skrini ni Arcane Warrior. Anafundishwa ndani ya magofu ya kale katika msitu wa Brecilian. Humo kuna roho iliyofungwa ndani ya jiwe kwa miaka mingi mno hata imechoka kuwepo. Inakubali kukufundisha elimu iliyopotea, nayo inakuomba uikomeshe uhai wake ili ipumzike.

Kwa kawaida silaha nzito na mavazi ya chuma hudai nguvu za mwili, na mchawi hana. Ubobezi huu unaruhusu uwezo wa uchawi uhesabiwe badala ya nguvu za mwili. Mchawi aliyekuwa akijificha nyuma anavaa chuma na kusimama mbele na upanga mkononi.

Gharama yake ni uchovu. Mavazi mazito huongeza uchovu, na uchovu hufanya kila tendo la uchawi lile mana zaidi. Mbinu zake za kujikinga nazo hushikilia sehemu ya mana kwa muda wote zikiwa zimewashwa. Akiziwasha zote, anakuwa mgumu kama ukuta, lakini uchawi wake wa kawaida unabaki mchache sana.

3. Mwenye kujigeuza

Kwenye skrini anaitwa Shapeshifter. Morrigan, mchawi aliyelelewa porini mbali na minara ya askari, anaweza kukufundisha mkielewana. Ubobezi huu unakuwezesha kujigeuza buibui mkubwa, dubu, au kundi la wadudu warukao. Ukiwa kundi la wadudu, pigo unalopata hukatwa kwenye mana badala ya kwenye uhai wako.

Gharama yake ndiyo inayowafanya wachezaji wengi waukwepe: ukishajigeuza huwezi kutumia uchawi wako mwingine. Mambo yote uliyojifunza kwa ngazi nyingi yanawekwa kando ili uume kama dubu. Wanaoupenda huupenda kwa sababu ya hadithi, na kwa sababu ya kutoka pale mana inapokaribia kwisha.

4. Mchawi wa damu

Hapa ndipo ubishi ulipo. Kwenye skrini ni Blood Mage, na sheria za nchi hiyo zinaukataza uchawi wake.

Anapouwasha uchawi wa damu, halipi tena kwa mana. Analipa kwa uhai wake mwenyewe. Anaweza kuchemsha damu ya maadui wote walio eneo moja na kuwafanya wasiweze kusogea, isipokuwa viumbe wasio na damu. Anaweza kumtawala adui akampigania. Akiishiwa, anaweza kunyonya uhai wa mwenzake wa kikosi, hata kama mwenzake huyo atakufa. Na wakati uchawi huo umewashwa, tiba kutoka kwa wengine humsaidia kidogo mno.

Mwalimu wake ni pepo. Katika mji wa Redcliffe kuna mtoto aitwaye Connor, ambaye baba yake amelishwa sumu. Mtoto huyo ana uchawi, naye amekubaliana na pepo ili baba yake asife. Pepo amemwingia, na watu wa mji wanakufa. Mchawi anaweza kuingia katika ulimwengu wa ndoto kumkabili pepo huyo. Mkikutana, pepo anatoa mapatano: muache aondoke sasa na kumrudia mtoto siku za mbele, naye atakulipa. Mojawapo ya malipo ni elimu ya uchawi wa damu.

Kwa hiyo elimu hiyo inalipiwa na mtoto ambaye hayupo kwenye mazungumzo.

Ujanja wa wachezaji

Wachezaji waligundua mapema kwamba ubobezi ukishafunguliwa hubaki wazi kwa mchezaji huyo, hata akirudi nyuma katika hadithi au akianza upya. Wengi basi walikubaliana na pepo, wakapata elimu, kisha wakarudi kwenye hatua waliyokuwa wamehifadhi na safari hii wakampiga pepo na kumwokoa Connor. Wakapata vyote viwili.

Wako wanaosema huo ni ujanja halali, kwa kuwa mchezo wenyewe umeuruhusu. Wengine wanasema unaua maana ya uchaguzi, kwa sababu uchaguzi usio na hasara ni sawa na kuchukua zawadi mezani. Hoja ya pili inapata nguvu ukizingatia jambo jingine: katika hadithi watu wanauogopa uchawi wa damu kuliko kitu chochote, lakini mhusika wako akiutumia mbele ya wenzake, karibu hakuna anayesema neno. Mchezo unakudai damu kwenye hesabu za vita, ila haukudai majibu. Hayo mchezaji anajidai mwenyewe.

Uchague vipi?

Maswali matatu yanasaidia.

Kwanza, unatembea na nani? Katika wenzako kuna wachawi wawili tu. Morrigan tayari ni mwenye kujigeuza, na Wynne, mwalimu mzee wa mnarani, tayari ni mganga wa roho. Ukiwa na Wynne, huna haja kubwa ya kuwa mganga wewe. Lakini ukiwaunga mkono wanaotaka kuwaua wachawi wote wa mnara, Wynne atakugeuka na utampoteza, na hapo mganga atalazimika kuwa wewe.

Pili, unapenda kusimama wapi? Anayependa kuwa mbele atafurahia upanga. Anayependa kuuona uwanja wote na kuamua nani aokolewe atafurahia uganga.

Tatu, uko tayari kulipa kwa kitu gani: mana, uchovu, au uhai? Swali hili linasaidia pia kuunganisha ubobezi wa kwanza na wa pili. Wengi huunganisha upanga na damu, kwa sababu mavazi na kinga zikishaishikilia mana, damu inalipia uchawi uliobaki. Wachache huunganisha uganga na damu. Mchawi wa namna hiyo hutoa uhai wake mwenyewe kuponya wenzake, na ni mgumu kumtibu yeye.

Matoleo yaliyofuata yamebadilisha orodha. Dragon Age II ya 2011 ilibakiza mganga wa roho na mchawi wa damu, ikaongeza aina moja mpya. Katika Dragon Age: Inquisition ya 2014 mchawi anachagua ubobezi mmoja tu kati ya mitatu, na uganga wa roho na uchawi wa damu havimo tena kwa mchezaji.

Kwa wazazi na wenye simu

Mchezo huu haumfundishi mtu uchawi. Ndani yake uchawi ni namba: mana inapungua, uhai wa adui unapungua, kompyuta inakokotoa. Hata hivyo si mchezo wa watoto. Una damu nyingi na mambo ya watu wazima, na umewekewa kiwango cha umri wa miaka 18 barani Ulaya na miaka 17 nchini Marekani.

Pia, Dragon Age: Origins haukutengenezwa kwa ajili ya simu. Ulitolewa kwa kompyuta, PlayStation 3 na Xbox 360. Ukiona tangazo au faili linalodai kuuweka kwenye simu yako, usilipakue, na usiingize namba ya siri ya pesa za mtandao. Kwenye simu unaweza kutazama video za wengine wakicheza. Ukizitazama, angalia mchezaji anapofika ngazi ya 7, uone anachagua nini, kisha ujiulize wewe ungelipa kwa kitu gani.