Pembe ya Chini: Habari za Haki ya Uwindaji wa Zamani

Mwalimu afundishaye karibu na mbuga zilizohifadhiwa hukutana na shida ya lugha kabla ya kukutana na shida ya sheria. Mtoto akiulizwa kazi ya babu yake hujibu, "mwindaji". Nalo gazeti alisomalo darasani humwita mtu wa kazi ile ile "jangili". Maneno haya mawili hayana maana moja, wala hayakuzaliwa siku moja. Twataka kueleza jinsi mtu wa neno la kwanza alivyosukumwa akaingia katika la pili, maana wengi, hata baadhi ya walimu wetu, hudhani ya kuwa zamani mnyama wa porini hakuwa na mwenyewe, na kila mtu aliua apendavyo. Sivyo hata kidogo.

Daktari Livingstone, alipoufuata mto Zambezi kwenda Tete mwanzoni mwa mwaka 1856, aliikuta kwa Wanyai sheria iliyo wazi kabisa. Mwindaji akiua ndovu katika nchi ya mtu mwingine hakuthubutu kumpasua. Alipeleka habari kwa mwenye nchi, naye akamtuma mtu wake aje kusimamia mgawanyo. Pembe iliyolala chini, upande alioangukia mnyama, ilikuwa ya mwenye nchi. Pembe ya juu ilikuwa ya mwindaji. Aliyeanza kukata kabla mjumbe hajafika aliweza kunyang'anywa pembe zote mbili na nyama yote. Desturi hii ya pembe ya chini ilienea mbali sana katika nchi za katikati ya Afrika. Wasafiri wengine waliiona kuwa tamaa ya watemi tu, na pengine tamaa ilikuwamo, kwa kuwa pembe zilikuwa mali. Walakini, sababu yake ni ya haki: ndovu alikula majani ya nchi ya fulani, na mshale ulikuwa wa fulani, basi wote wawili wana fungu.

Huku kwetu pwani, nyuma ya Malindi na kando ya mto Galana, ambao chini huitwa Sabaki, wakaa Wawaata. Wagiriama huwaita Alangulo, na vitabu vya Kiingereza huwaandika Waliangulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Katika siku za zamani waliishi chini ya ulinzi wa Waorma, ambao vitabu vya kale huwaita Wagala, na kwa kila ndovu waliyemwua walitoa pembe moja kwa Waorma hao. Ni desturi ile ile kwa sura nyingine: hapa hawakutazama mnyama ameanguka upande gani, bali ni nani awalindaye.

Ustadi wa watu hawa ulikuwa wa ajabu. Upinde wao ni mrefu na mgumu, hata kuuvuta mpaka mwisho huhitaji nguvu ya ratli zaidi ya 100, na mtu asiyeuzoea tangu ujana hauwezi. Mshale ulipakwa sumu ya mti uitwao msunguti. Vijiti na mizizi yake huchemshwa saa nyingi, hata maji yakawa lami nyeusi, na sumu iliyokwisha kupakwa hufungwa kwa ngozi nyembamba isipate kukauka. Wagiriama walisifiwa kwa kuipika, wakaiuza kwa wengine. Mwindaji alimnyemelea ndovu mpaka karibu kabisa, akalenga tumbo, kisha akafuata nyayo.

Tena kila mtu alikuwa na alama yake katika mishale yake. Twaomba msomaji aikumbuke alama hiyo. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mwenye haki: ndovu akionekana amekufa mbali, mshale uliomo mwilini wasema nani aliyemwua, na mgomvi hana la kujibu.

Pembe hizo zilikwenda kwa Wagiriama na kwa wafanya biashara wa pwani, kama zile za Wakamba zilivyoshuka Mombasa katika siku za Krapf. Kivoi wa Kitui, mwenyeji wake Krapf, aliyeuawa karibu na mto Tana mwaka 1851, alikuwa mtu mkubwa kwa sababu ya biashara hiyo.

Ndipo zikaja sheria mpya. Upande wa Wadachi, gavana von Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896. Tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa serikali za Ulaya walitia sahihi London mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mapatano yale hayakupata kuthibitishwa na wote, lakini sheria za makoloni zilifuata nia yake. Yalibana matumizi ya mashimo na nyavu, yaani vyombo vya mwenyeji. Bunduki yalitaka iwe na cheti. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa. Cheti cha mgeni katika Kenya ya siku zile kilikuwa paundi 50, fedha asizoweza kuziota mtu wa upinde. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alifika na mwanawe Kermit. Katika safari yao nzima waliua wanyama 512, na 11 kati yao walikuwa ndovu. Aliitwa msasi hodari. Mwaata aliyeua ndovu mmoja kwa mshale aliitwa mwizi.

Hatusemi ya kuwa ndovu hawakuhitaji kulindwa. Biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kumaliza makundi mengi, na mishale ya Wawaata na Wakamba iliua ndovu wengi kweli kweli. Lakini kulinda ni neno moja, na kumfuta mwenyeji katika nchi yake ni neno jingine. Hifadhi ya Tsavo ilipowekwa mwaka 1948, iliingia ndani ya nchi walimowinda Wawaata. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ilifanya msako mkubwa, na wanaume wengi wakafungwa. Hapo ile alama ya mshale ikageuka: iliyowekwa ili kumshuhudia mwenye haki, ikawaambia askari jina la mtu wa kukamatwa.

Baadhi ya wale wale waliowasaka waliona aibu ya jambo hili. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ili Wawaata wawinde ndovu kwa hesabu na kwa ruhusa. Ulikuwa mpango mwema, nasi twasikitika kwamba haukudumu; kabla ya muongo ule kwisha, nchi ile ilikodishwa kuwa shamba la mifugo. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 uliua ndovu kwa maelfu ndani ya Tsavo, wala hapakuwa na upinde. Kisha zikaja bunduki za wauzaji wa pembe, na mwaka 1989 ndovu wa Kenya nzima walikadiriwa kuwa 16,000 tu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 yakataza hata kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Waogiek wa msitu wa Mau, wawindaji na warina asali, walipeleka shauri lao la ardhi mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017. Wawaata hawajapata hukumu ya namna hiyo. Lugha yao yazidi kupungua, na vijana wengi wasema Kigiriama.