Uzi Unaoshika Chuma



Katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 22, twasoma habari za mfalme Ahabu. Alikwenda vitani Ramoth-Gileadi akiwa amevaa chuma, tena amejigeuza asitambulikane. Askari mmoja akatupa mshale bila kumjua. Ukaingia pale chuma kilipoungana na chuma, na jioni Ahabu akafa.

Mafundi wa silaha wa Ulaya waliijua hatari hiyo. Katika karne ya 15 mpanda farasi alivikwa mabamba ya chuma tangu kichwa hata miguu. Lakini bamba halikunjiki. Kwapani na kiwikoni ilibidi nafasi iachwe, ili mkono upate kuinuka, na adui aliitafuta nafasi hiyo. Basi walifanyaje? Maandishi ya Kiingereza ya karne ile yanaeleza. Kwanza mtu alivaa koti la kitambaa kizito, lenye bitana na matundu mengi. Kwapani na pale mkono unapokunjwa, koti lilishonewa vipande vya pete ndogo za chuma zilizofumwa kama wavu. Kisha mabamba yakafungwa juu ya koti kwa vikamba vya uzi mwembamba, namna ile ile ya uzi iliyotumika kwa kamba za pinde. Uzi huo ulipakwa nta ya washona viatu, usije ukalegea wala kukatika.

Angalieni, ndugu. Katika chuma kile, kilo 20 na zaidi, mabamba mengi yalishikwa na uzi.

Wavuvi wetu wa Homa Bay wanalijua jambo hili. Wavu ukitatuka mahali pamoja, samaki hupita papo hapo, ujapokuwa mkubwa namna gani.

Wazee wa zamani nao walilijua. Pale Thimlich Ohinga, katika Migori, kuta za mawe yasiyoshikwa kwa udongo wala saruji zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Uso wa nje na uso wa ndani ulijengwa kila mmoja peke yake, na katikati yakatiwa mawe madogo ya kuziunganisha. Malango, mahali ukuta unapokatika, waliyafanya membamba, wakaweka walinzi kando yake. Mwaka 2018 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa twakiri kosa letu wenyewe. Tulichanga fedha, tukaezeka kanisa kwa mabati mapya, tukashangilia. Miezi hiyo hiyo mama mmoja mjane, aliyezoea kuketi nyuma, aliacha kuja, wala hatukuuliza. Tulipofika kwake, alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake wa mwisho apate dawa ya mtoto. Bamba letu liling'aa, na kwapa lilikuwa wazi.

Jumapili hii, ndugu, tutazame viti vilivyo vitupu. Nani hakuja? Ibada ikiisha, twende tukapige hodi kwake. Ni kazi ndogo isiyo na sifa, kama kupaka uzi nta.

Mungu awabariki. Amina.